Printa ya bei rahisi ni mtego, na waifai ndiyo chambo

Haya jamani, leo nina la kusema na sitalisema kwa upole.

Swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote na ndugu, majirani, hata watu wa kanisani, ni hili: nataka printa ya nyumbani, ya bei nafuu, yenye waifai, nichukue gani? Hakuna anayeniuliza kuhusu programu ninazoandika kutwa kucha. Kwao mtu wa kompyuta ni mtu wa kompyuta, na printa nayo ni kompyuta. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja: chukua yoyote iliyo rahisi, mradi ina waifai. Jibu hilo lilikuwa la kipuuzi. Leo nalifuta hadharani.

Dadangu alinisikiliza. Alienda supamaketi akanunua mashine ndogo nyeupe ya katriji nne, inayochapisha, kutoa nakala na kuskani. Kampuni siitaji, maana tabia nitakayoieleza haina kampuni moja. Bei ilikuwa tamu, boksi lilikuwa na picha ya familia inacheka, na alama ya waifai ilikuwa kubwa kuliko jina la printa yenyewe. Miezi miwili mambo yalikuwa shwari. Kisha Jumapili moja saa mbili usiku akanipigia simu. Mpwa wangu yuko Gredi ya 4, na alikuwa na kazi ya kupeleka shuleni Jumatatu asubuhi: kurasa 6, maandishi meusi matupu. Printa imekataa. Wino mweusi upo, kilichokwisha ni wa manjano, na mashine inasema haifanyi kazi mpaka katriji hiyo ibadilishwe.

Nikamwambia achague kuchapisha kwa rangi nyeusi tu. Alikuwa ameshajaribu. Nikamwambia basi askani kitabu anitumie kwa barua pepe, nitachapisha mimi nimletee alfajiri. Ikakataa kuskani. Kuskani, jamani! Wino wa manjano na kuskani wapi na wapi? Nyuma ya simu nikasikia sauti ya mtoto: "Mjomba, si wewe ulisema hii ni nzuri?"

Wakapanda boda boda hadi saiba iliyo stejini, wakamkuta mwenyewe anafunga. Kurasa 6 kwa shilingi 60, boda boda shilingi 100 kwenda na kurudi. Siku iliyofuata dadangu akaulizia bei ya katriji. Seti nzima ya nne ilikuwa inakaribia bei aliyonunulia printa.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kufungua mdomo wangu.

Chukua mfano wa katriji nambari 123 ya HP, ambayo imeingia kwenye DeskJet nyingi zilizouzwa huku kwetu. Kampuni yenyewe inasema ile nyeusi ya kawaida inatoa kurasa takriban 120, na ile ya rangi takriban 100. Soma tena. Kurasa 120! Rimu moja ya karatasi ina 500. Tuseme katriji hiyo umeipata kwa shilingi 2,000, badilisha uweke bei ya duka lako. Gawanya: shilingi 16 na senti 67 kwa ukurasa mmoja mweusi, bila karatasi. Kwenye saiba nyingi ukurasa mweusi ni shilingi 10, na hapo karatasi, stima na faida ya mwenye saiba vimo ndani. Yaani umenunua mashine, ukaiweka sebuleni, ukaifunika kitambaa isipate vumbi, ili ulipe zaidi ya mtu asiye na printa.

Na hizo kurasa 120 ni za maabara. Zinahesabiwa kwa kipimo cha kimataifa, ISO/IEC 24711, ambacho huchapisha kurasa maalumu za majaribio mfululizo. Nyumbani hakuna anayechapisha mfululizo. Unachapisha mbili leo, tatu wiki ijayo, na kila ukiwasha mashine inajisafisha matundu ya wino kwa wino uleule ulionunua. Stima ikipotea na kurudi mara tatu kwa siku kama huko kwetu, na swichi umeiacha imewashwa, kuna mashine zitakazojisafisha mara tatu. Wino unaishia tumboni mwa printa, kwenye pedi ya kuunyonya, na karatasi hata moja haijatoka. Usipochapisha mwezi mzima nao unakauka. Kuna watu wanadhani wamenunua katriji bandia kumbe waliinunua halali wakaisafishia hadi ikaisha.

Biashara hii wala si siri. Mashine inauzwa kwa faida ndogo, pengine hata kwa hasara, na pesa zinarudi kupitia wino. Hilo peke yake nisingelilalamikia sana, kila mtu ana mbinu yake ya kuuza. Kinachonikera mimi kama mwandishi wa programu ni kwamba mbinu hii inalindwa kwa programu. Katriji ina chipu, printa inaisoma chipu, na kuna msimbo mahali fulani uliosema: kama chipu si yetu, kataa. Mtu kama mimi alikaa mezani akauandika msimbo huo, akaujaribu, akaenda kula chakula cha mchana.

Tarehe 13 Septemba 2016 wenye printa za HP aina ya OfficeJet Pro sehemu mbalimbali duniani waliamka wakakuta mashine zao zinakataa katriji za kampuni nyingine ambazo jana yake zilikuwa zinafanya kazi. Kizuizi kilikuwa kimeingizwa mapema ndani ya programu ya mashine, kikasubiri siku yake. Makelele yalipozidi, HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, ikatoa programu nyingine ya kuondoa kizuizi hicho kwa anayetaka. Lakini mpango wenyewe wa kukagua chipu haukufa. Januari 2024 mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, Enrique Lores, alisema wazi kwenye televisheni kwamba lengo lao la muda mrefu ni kugeuza uchapishaji uwe kitu cha kulipia kila mwezi. Ndiyo maana kuna huduma kama Instant Ink, iliyoanza kuuzwa Marekani na Ulaya, ambamo unalipia idadi ya kurasa, na ukisitisha malipo katriji za huduma hiyo zinaacha kufanya kazi hata kama zimejaa wino. Wino uko nyumbani kwako, ndani ya printa yako, lakini si wako.

Msidhani ni HP peke yake. Lexmark ilipigana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia watu wasijaze tona upya katriji zilizokwisha kuuzwa, na tarehe 30 Mei 2017 ikashindwa: mahakama ilisema ukishauza kitu, haki yako ya hataza juu ya kitu hicho imeisha. Nayo Canon mwaka 2021 ilishtakiwa Marekani kwa madai kwamba baadhi ya mashine zake zinakataa kuskani wino ukiisha. (Niliposoma habari hiyo nilimtumia dadangu. Hakujibu.)

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Januari 2022. Dunia ilikuwa na uhaba wa chipu. Canon ikajikuta haina chipu za kutosha za kuweka kwenye katriji za tona za mashine zake kubwa za ofisini, ikaanza kuuza katriji zisizo na chipu. Mashine zikaanza kulalamika kwamba katriji hizo huenda si halali. Kampuni ikawaandikia wateja wake maelekezo ya namna ya kulipuuza onyo hilo na kuendelea kuchapisha. Nazo zikachapisha! Karatasi zilitoka vizuri. Kilichopotea kilikuwa kipimo cha kiasi cha tona kilichobaki.

Sasa tuje kwenye waifai. (Simaanishi wifi yako, dada wa mumeo. Huyo muache kwanza.)

Mtandao wa nyumbani usio na waya haumaanishi kila kitu kisiwe na waya. Maana yake ni kwamba kile unachokishika na kutembea nacho ndicho kisiwe na waya: simu, tableti, kipakatalishi. Printa haitembei. Inakaa mahali pamoja miaka mitano, na tayari ina waya wa stima mgongoni. Ruta uliyofungiwa na kampuni ya intaneti nayo haitembei, na nyuma yake kwa kawaida kuna matundu ya Ethernet ambayo wengi hawajawahi kuyatumia. Chukua waya, chomeka upande mmoja kwenye printa na mwingine kwenye ruta. Umemaliza. Simu iliyo chumbani inatuma kazi kwa waifai hadi ruta, na ruta inaipeleka kwa waya hadi printa. Nyumba nzima inachapisha bila waya na printa yenyewe haina antena hata moja.

Hili halisemwi dukani kwa sababu tundu la Ethernet halina picha nzuri ya kuweka kwenye boksi. Badala yake unauziwa redio ndogo ya bei ya chini kabisa, ambayo mara nyingi inajua masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta yako mpya ina 2.4 na 5 zenye jina moja, inajichagulia, na printa inababaika katikati. Ukiwa umeweka ulinzi wa WPA3 mtupu, printa ya miaka iliyopita haiuoni mtandao kabisa. Ukiiunganisha kwenye mtandao wa wageni, ruta inazuia vifaa visionane, na hapo utashinda siku nzima unaulaani mtandao ambao hauna kosa. Halafu kuna jambo la Kikenya kabisa: sisi hubadilisha kampuni za intaneti kama soksi. Leo Zuku, kesho Faiba, keshokutwa Safaricom. Kila ukibadilisha, jina la mtandao na nywila vinabadilika, na printa isiyo na kioo wala vitufe vya herufi inakuwa yatima. Sijui ni Jumamosi ngapi nimekaa kwenye sakafu za watu nikibonyeza kitufe kimoja kwa sekunde kadhaa nikingoja taa ya buluu iwake. Yenye waya haijui kama nywila imebadilika. Unachomoa kwenye ruta ya zamani unachomeka kwenye mpya, unaendelea.

Kuna na kitu kingine kinachouzwa kwa jina la waifai ilhali si waifai, nacho ni wingu. Printa inakulazimisha upakue programu ya simu, ufungue akaunti, utoe barua pepe yako na mahali ulipo, halafu faili inayotoka chumbani kwenda sebuleni huenda ikapitia kwanza kwenye kompyuta ya watu ng'ambo. Kipimo changu ni chepesi. Zima intaneti lakini acha ruta inawaka. Tuseme kifurushi kimeisha mwisho wa mwezi na mshahara haujaingia. Je, printa bado inachapisha kutoka kwenye simu? Kama haichapishi, hiyo si printa ya mtandao wa nyumbani.

Na anayedhani mawingu hudumu aikumbuke Google Cloud Print. Ilianza 2010, watu na mashule wakaizoea, kampuni zikachora alama yake kwenye maboksi, na tarehe 31 Desemba 2020 ikazimwa. Printa zilizoitegemea hazikuharibika kitu. Zilinyimwa tu mlango.

Kisichozimwa ni viwango vilivyo wazi. Kuna itifaki inaitwa IPP, ina zaidi ya miaka 20, na ndiyo iliyo chini ya AirPrint ya Apple, iliyokuja 2010, na chini ya Mopria, inayotumika kwenye simu za Android na iliyoanzishwa 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox. Linux inaizungumza kupitia CUPS. Hata Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kwamba hatua kwa hatua itaachana na draiva za watengenezaji kwenye Windows Update na kuwaelekeza watu huko huko. Kwa hiyo ukiona kwenye karatasi ya sifa AirPrint au Mopria, hiyo ni alama yenye maana kuliko neno waifai, kwani simu yako itaiona printa bila draiva wala akaunti. Ukiona PCL au PostScript, vizuri pia, kwa kompyuta angalau: hizo ni lugha za kuchapisha zinazojulikana kila mahali. Usipoona lolote kati ya hayo, mashine inaongea kwa lugha yake ya siri, na siku kampuni itakapochoka kuandika draiva, umebaki na boksi. Mfano upo: LaserJet 1020, printa imara kweli na imetapakaa Kenya nzima, ilijengwa kwa namna kwamba ikizimwa inasahau programu yake yote, na kompyuta lazima iipelekee upya kila inapowashwa. Bila draiva sahihi haichapishi hata nukta.

Wenzangu wa programu mnajua ugomvi huu si mpya. Mnamo 1980 hivi, Richard Stallman alikuwa kwenye maabara ya MIT, na maabara ilipewa printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Ile ya awali alikuwa ameirekebishia programu iwaarifu watu kazi zao zikikwama. Hii mpya msimbo wake ulifichwa, na aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameahidi kutoutoa. Miaka michache baadaye, 1983, akatangaza mradi wa GNU. Printa ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomkasirisha. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado tunabishana na printa.

Basi ununue nini?

Kwa nyumba inayochapisha maandishi zaidi, jibu langu ni mtumba. Naam, mtumba. Printa ya leza, nyeusi tupu, ya ofisini, zile zinazouzwa kwenye maduka ya katikati ya Nairobi kwa jina la "ex-UK". Plagi ya Uingereza ni ileile ya kwetu ya miguu mitatu ya mraba, na volti ni zilezile, kwa hiyo huhitaji adapta. Soma herufi za mwisho wa jina: d maana yake inachapisha pande mbili yenyewe, n maana yake ina tundu la Ethernet, w ni waifai. Ukiona "dn" simama. HP LaserJet P2055dn ina PCL na PostScript, na tona yake nambari 05A inahesabiwa kurasa 2,300, huku ile kubwa ya 05X ikihesabiwa 6,500. LaserJet Pro 400 M401dn ina hayo yote pamoja na AirPrint. Tona zake za kampuni nyingine zimejaa sokoni. Tuseme umepata 05A ya namna hiyo kwa shilingi 1,500 na imetoa kurasa zake zote: senti 65 kwa ukurasa. Ongeza karatasi, rimu ya shilingi 650 ni shilingi 1 na senti 30. Jumla haifiki shilingi 2, na tona haikauki hata ukisafiri Desemba yote.

Ndiyo, nimetoka kuisema HP vibaya na sasa nakutuma ukanunue HP. Hizi ni mashine za zamani, za enzi ambayo mteja alikuwa meneja wa ofisi anayejua kupiga hesabu. Zimekwisha kuuzwa mara moja, na kampuni haipati chochote kutoka kwako.

Dukani usikubali kuonyeshwa taa tu. Omba wakuchapishie ukurasa wa taarifa za mashine, ambao una idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapishwa. Omba kurasa kumi mfululizo, za pande mbili. Mistari inayojirudia kwa nafasi sawa ni dalili ya dramu iliyochoka, na kwenye mashine hizi dramu iko ndani ya katriji ya tona, kwa hiyo si msiba. Karatasi kuingia mbilimbili ni mpira wa kuvutia ulioisha, ambao fundi anaubadilisha. Maandishi yanayofutika ukiyapangusa kwa kidole ni sehemu ya kupasha moto imekufa: ondoka. Na kama jina la mashine ya HP ya miaka ya karibuni linaishia na herufi ndogo "e", ondoka haraka zaidi. Hiyo ni alama ya mpango wa HP+, ambapo mwenyewe wa kwanza akishaukubali, mashine hiyo inadai intaneti na katriji halisi za HP maisha yake yote, na huwezi kuufuta.

Mtumba wa wino usiuguse. Umekaa kwenye kontena miezi, matundu yamekauka, na kampuni kadhaa zimegawa katriji kwa kanda, hivyo mashine ya Uingereza inaweza kukataa katriji iliyouzwa Nairobi.

Najua mtakachosema. Leza inakula stima! Inakula, ndiyo, wakati inachapisha: M401dn inavuta zaidi ya wati 500. Lakini inachapisha dakika ngapi? Dakika 10 kwa wiki ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Hata uniti ikiwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 3 kwa wiki. Usiichomeke tu kwenye ile UPS ndogo ya kompyuta, utaiua.

La pili mtakalosema ni zito zaidi: watoto wa CBC wanatakiwa picha za rangi. Hapo nakubali. Kama nyumbani kwako rangi ni kila wiki, nunua printa mpya ya tangi, ile ya kumimina wino kutoka kwenye chupa. Epson ndiyo iliyoziingiza sokoni kwa nguvu, Canon, HP na Brother wakafuata. Ni ghali mara kadhaa kuliko ile nyeupe ya dadangu, na ndiyo sababu wino wake ni wa bei ya kibinadamu: chupa nyeusi ya Epson nambari 103 inahesabiwa kurasa 4,500. Ukiinunua kwa shilingi 1,500, ni senti 33 kwa ukurasa. Chapisha ukurasa mmoja wa rangi kila wiki usije ukakausha matundu. Na ujue kwamba ile pedi ya wino wa kusafishia ikijaa, mashine husimama hadi ihudumiwe. Epson L3250 ina waifai lakini haina Ethernet, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu 2.4 yanakuhusu. L3210 ni ndugu yake asiye na waifai, ana USB tu. Kama una kompyuta ya zamani iliyolala kabatini, iwekee Linux na CUPS, chomeka L3210, na nyumba nzima itaiona. Raspberry Pi inatosha pia.

Na wapo ambao jibu lao ni kutonunua. Printa ya tangi ya shilingi 25,000 inakuokolea kama shilingi 8 kwa kila ukurasa ukilinganisha na saiba ya shilingi 10. Itarudisha pesa yake baada ya kurasa 3,125. Leza ya mtumba ya shilingi 15,000 inahitaji kurasa 1,875. Familia ya kurasa 20 kwa wiki itafika huko kwa miaka miwili isiyotimia kwa leza, na kwa miaka mitatu kwa tangi. Familia ya kurasa 5 kwa wiki inatumia shilingi 2,600 kwa mwaka pale saiba. Hiyo isiguse printa. Cheti cha PIN cha KRA hakichapishwi kila siku. Kwa walimu nina neno moja tu: kazi ya rangi inayotolewa Ijumaa jioni kwa mzazi asiye na saiba karibu si kazi ya mtoto tena, ni ya mzazi na boda boda.

Ukishachomeka printa kwenye ruta, ingia kwenye ukurasa wa ruta uitengee anwani yake ya kudumu, vinginevyo stima ikirudi inaweza kupewa nyingine na kompyuta zikaipoteza. Weka nywila kwenye ukurasa wa printa yenyewe, maana mara nyingi hutoka kiwandani wazi. Na kamwe usifungue tundu nambari 9100 kwa dunia nzima kwa sababu fundi kakuambia utachapisha ukiwa safarini. Mwishoni mwa 2018 kuna mtu aliyetumia matundu kama hayo kuchapisha tangazo la kumsifu PewDiePie wa YouTube kwenye printa za watu, na alidai zilikuwa takriban 50,000.

Dadangu sasa ana P2055dn, kubwa, ya kijivu, inanguruma kama posho mill ikiamka. Ile nyeupe iko juu ya kabati. Nilimwahidi nitamtafutia mnunuzi, lakini kila anayeiulizia huishia kuniuliza bei ya katriji, na siwezi kumdanganya.